Mfarishi wa Kwanza kwa Mabaki ya Vitenge, Hatua kwa Hatua, kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

Kila ninapotandika mfarishi wangu wa vipande mbele ya watu, maswali ni yale yale. Nianze na vitambaa gani? Cherehani ya miguu inaweza? Mbona miraba yangu haikutani kwenye kona? Na vile visu vya duara na mikeka ya kukatia inayoonekana kwenye video za Wamarekani, vinauzwa wapi? Nimeona niandike jibu moja refu, niwe nawatumia wanaoanza.

Huhitaji vile visu. Mfarishi ni tabaka tatu: uso wa vipande vilivyoungwa, ujazo katikati, na kitambaa cha chini ambacho hapa nitakiita mgongo. Tabaka hizo zinashikwa pamoja kwa uzi. Ukijua hilo, vingine vyote ni mikono na uvumilivu.

Tutashona mdogo, wa inchi 36 kwa 45. Unatosha kumtandikia mtoto achezee sakafuni, au mtu mzima kujifunika miguu. Nimechagua kipimo hicho kwa sababu khanga moja inatosha mgongo mzima bila kuungwa. (Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale amefunikwa mfarishi wala asiachwe nao kitandani. Kwake huu ni wa kuchezea, na mtu mzima awe karibu.)

Jambo moja lishike tangu sasa. Mfarishi wa kwanza mara nyingi hauharibikii kwenye cherehani. Unaharibikia kwenye kukata, na kwenye meza iliyovurugika. Ndiyo maana kukata kumechukua nafasi kubwa kwenye mwongozo huu kuliko kushona.

Andaa hivi kabla ya kuanza

Vitambaa:
- Miraba 80 ya inchi 5 kwa 5. Omba au nunua mabaki kwa fundi cherehani, uchague vipande visivyopungua inchi 5 na nusu kila upande. Vikipungua, jazia kwa kitenge kipya: yadi moja yenye upana wa inchi 45 inatoa miraba 63.
- Khanga moja ya mgongo. Doti ina mbili, hapa tunatumia moja.
- Ujazo. Kwa Dar, Tanga au Mombasa, shuka la pamba lililochakaa linatosha kabisa. Kwa Njombe, Lushoto au Limuru, tumia blanketi jepesi kuukuu. Usijaze vipande vya sponji, vitajikusanya upande mmoja ukifua mara ya kwanza.

Vifaa:
- Cherehani yoyote inayoshona mshono ulionyooka. Ile nyeusi ya miguu inafaa sana, kwa sababu unaiongoza polepole utakavyo.
- Sindano za cherehani namba 14 kwa kuungia vipande na namba 16 kwa tabaka tatu. Weka mpya. Ile iliyoshona sare za shule tangu Januari imeshakuwa butu.
- Uzi wa rangi ya kijivu au maziwa, inayokubaliana na karibu vitenge vyote.
- Mkasi mmoja wa kitambaa tu. Ufunge utepe mwekundu kwenye mpini ili kila mtu nyumbani ajue haukati karatasi wala pakiti ya maziwa.
- Futi ya kamba, rula, pini 40 na pini za nepi kama 100.
- Vitu vya ndani: kipande chembamba cha sabuni nyeupe iliyokwisha, boksi gumu, msasa laini, plasta ya kidonda ya mkunjo, vibanio 10 vya nguo, mswaki wa zamani, trei ya mayai, kopo tupu la Blue Band, mshumaa, na sumaku ya spika iliyokufa. Sumaku hiyo mwombe fundi redio.

Hatua

1. Fua kila kitu kwanza, hata kitenge kipya kinachonukia dukani. Kitenge kipya kina wanga, na khanga pia. Ukikishona kabla ya kukifua, kitarudi baada ya kuungwa na mfarishi utajikunja. Rangi nyekundu na za buluu nzito zijaribu peke yake: kandamiza kitambaa cheupe chenye maji juu yake, uone kama kinachukua rangi. Kikichukua, endelea kusuuza kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe. Watu wanasifia chumvi na siki, lakini kwa rangi za kiwandani kwenye pamba usizitegemee. Kitambaa kisichoacha kutoa rangi kitoe kwenye kazi hii, hata kama unakipenda. Piga pasi kikiwa na unyevu kidogo.

2. Tengeneza kigezo. Hapa usiharakishe. Kata boksi gumu inchi 5 kwa 5 kamili, kona zake ukizipima kwa kona ya karatasi ya kuchapia ambayo haijakunjwa. Halafu pima kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikilingana, inchi 7 na kidogo, mraba wako ni wa kweli. Upande wa chini gundisha msasa, ule wa kukwaruza ukitazama chini. Msasa unang'ang'ania kitambaa, na kigezo hakitelezi unapochora. Kwangu hiki ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye orodha, na kinagharimu kipande cha msasa tu. Tengeneza vitatu mara moja, kwa sababu kingo za boksi zinalika na sabuni na mkasi. Kila ukimaliza miraba 30, chukua kipya.

3. Chora na kata. Chora kwa ncha ya sabuni upande wa nyuma wa kitambaa. Kwenye vitenge vya giza mstari unaonekana vizuri, na ukifua unatoka. Kwenye vitambaa vyeupe tumia penseli kwa kugusa tu. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu pasi inausambaza.

   Kabla ya kuweka kigezo, tafuta uelekeo wa uzi. Shika kitambaa kwa mikono miwili, uvute. Kikinyumbuka kama mpira, umekishika mshazari, kwa hiyo kigeuze mpaka kigome. Kingo za kigezo zifuate uelekeo huo unaogoma. Mraba uliokatwa mshazari unakuwa mzuri mezani, halafu unarefuka ukiwa chini ya cherehani.

   Kata juu ya mstari wenyewe. Usikate leo ndani yake na kesho nje. Kata vitambaa viwili kwa pamoja, usizidishe. Fundi mzoefu anakata vinne, lakini mkono wa anayeanza unainamisha mkasi, na kitambaa cha chini kinatoka kidogo kuliko cha juu.

   Mfarishi wangu wa kwanza niliukata kwa macho, nikiamini miaka ya kushona magauni inatosha. Nilipounganisha mistari, wa juu ulizidi wa chini kwa karibu inchi 3. Nilifumua wote, usiku tatu mfululizo, na vipande vingine vikachanika. Gauni linavumilia robo inchi huku na kule kwa sababu mwili unaificha. Miraba 80 haifichi kitu.

4. Panga miraba kitandani. Tandika shuka la rangi moja, panga safu 10 zenye miraba 8 kila moja. Piga picha kwa simu, kisha ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Ghafla utaona mahali ambapo giza limejazana au mwanga umekusanyika. Hamisha, piga tena. Vitenge vyenye maua makubwa vitawanye, usiviweke jirani. Ukiridhika, okota safu moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, rundika, bana kwa kibanio cha nguo chenye namba. Vibanio 10, safu 10. Sasa hata mtoto akiparamia kitanda, kazi yako imebaki kwenye mpangilio.

5. Weka alama ya robo inchi kwenye cherehani. Shusha sindano kwa mkono juu ya futi ya kamba, kwenye alama ya robo inchi kutoka mwisho wake. Pale mwisho wa futi ulipofika, bandika plasta, tabaka nne au tano juu ya moja, mpaka iwe kijiukuta. Kitambaa kitakuwa kinatembea kikigusa ukuta huo. Usizibe meno ya cherehani.

   Jaribu kwa vipande viwili vya kutupa. Viunge, piga pasi, pima. Upana uwe inchi 9 na nusu. Usipolingana, sogeza plasta, jaribu tena. Usiseme "imezidi kidogo tu". Mshono ukiwa mpana kwa thumuni moja ya inchi, unakula robo inchi, kwa kuwa unachukua kwenye vipande vyote viwili. Upande wa urefu una mishono 9. Utakuwa umepoteza inchi 2 na robo.

6. Unga safu. Jaza bobini nne kabla ya kuanza, usikatizwe. Ukubwa wa mshono uwe nukta 10 hadi 12 kwenye inchi moja. Anzia juu ya kitambaa cha kutupa ili uzi usifumane chini, kisha ingiza jozi ya kwanza. Usikate uzi, ingiza jozi ya pili, ya tatu, ziwe zinaning'inia nyuma kama shanga. Utazikata zote mwishoni, kisha uunge jozi kwa jozi mpaka kila safu iwe na miraba yake 8. Uzi mwingi unaokolewa, na sakafu haijai vijiuzi.

7. Piga pasi kila safu kabla ya kuziunganisha. Safu ya 1 laza mishono yote kulia, ya 2 kushoto, ya 3 kulia, hivyo hivyo mpaka ya 10. Ukizikutanisha, mishono inakumbatiana. Utaisikia kwa vidole ikijifunga. Weka pini kila makutano na uitoe kabla sindano haijaifikia. Kama unatumia pasi ya mkaa, pepea majivu nje kwanza, weka kitambaa chenye unyevu katikati ya pasi na kazi. Na inua pasi, ushushe. Ukiiburuza inavuta miraba.

8. Tandika tabaka tatu. Fagia na upige deki sakafu, iache ikauke. Mkeka haufai hapa, pini zitaushona pamoja na mfarishi. Laza khanga uso ukitazama chini, ivute inyooke lakini isikazwe, shika kingo kwa soltepu. Juu yake ujazo, juu yake uso wa vipande. Khanga izidi angalau inchi 2 kila upande.

   Hapa angalia jina la khanga. Khanga nyingi zina kama inchi 59 kwa 43, kwa hiyo ukiweka uso katikati, sehemu kubwa ya pindo itakatwa lakini maandishi yatabaki. Hakikisha yamekaa wima na hayajaegemea upande. Mgongo wa ule ninaoupenda zaidi ni khanga ya mama yangu iliyoandikwa "Mama nipe radhi, kuishi na watu kazi". Imefifia mpaka herufi zinasomeka kwa kugeuza kitambaa kwenye mwanga, na hakuna mgeni anayeugeuza mfarishi ule bila kuisoma kwa sauti.

   Funga pini za nepi kila upana wa kiganja, ukianza katikati kuelekea nje.

9. Shika tabaka. Una njia mbili.

   Ya cherehani: badili sindano, weka namba 16, mshono uwe nukta 8 kwa inchi, punguza mgandamizo wa mguu wa cherehani kama yako ina skrubu ya juu. Shona mistari iliyonyooka, robo inchi kando ya kila muungo, ukianzia mstari wa katikati. Kunja upande mmoja wa mfarishi kama mkeka, ubane kwa vibanio, uweze kupita chini ya mkono wa cherehani.

   Ya mkono: kwenye kila kona ambapo miraba minne inakutana, pitisha uzi mnene chini na juu, funga fundo mara mbili, acha ncha za nusu inchi. Uzi upitishe kwanza juu ya mshumaa mara mbili, hautasokotana. Sindano ikigoma kutoka kwenye tabaka tatu, ishike kwa kipande cha puto. Kwa anayeanza napendekeza njia hii. Ni mafundo 63, jioni mbili ukiwa unapiga soga, na mgongo haukunjiki kabisa.

10. Maliza kwa pindo la khanga yenyewe. Kata uso na ujazo vilingane, usiguse khanga. Kisha kata khanga ibaki imezidi inchi 1 pande zote. Ikunje nusu inchi, ikunje tena ipande juu ya uso, bana kwa vibanio vya nguo badala ya pini, shona ukingoni. Kwenye kona kunja upande mmoja mpaka mwisho, halafu wa pili juu yake. Onyo pekee la hatua hii ni la mkasi: kabla ya kila mkato pitisha mkono chini, uhakikishe hujashika khanga. Kosa hili likishatokea, khanga hairudi.

Meza na kona ya kushonea

Wengi wetu tunashonea meza ile ile ya chakula, na saa moja jioni inatakiwa iwe tupu. Kwa hiyo kila kitu kiwe na mahali ambapo mkono unakirudisha wenyewe.

Trei ya mayai ndiyo droo yangu: bobini moja kila shimo na kifungo cha rangi inayofanana. Rundo la uzi liweke kwenye ubao wenye misumari iliyoinama kidogo juu, mbali na dirisha, kwa sababu jua linachosha uzi mpaka unakatika kila hatua. Mabaki yapange kwa ukubwa na siyo kwa rangi. Yanayotosha mraba kopo moja, vipande vyembamba kopo jingine, visivyofika inchi 2 fuko la kujazia mito. Mende wanapenda wanga wa vitambaa vipya, basi makopo yawe na mifuniko. Bibi yangu alikuwa akiweka majani makavu ya mwarobaini ndani ya kitambaa chepesi, nami nafanya hivyo.

Pini nazihesabu. Ni 40 asubuhi, na ni lazima ziwe 40 jioni kabla sijawaruhusu watoto kukaa chini. Zikipungua, napitisha sumaku ya spika sakafuni na juu ya mfarishi mzima, kwenye mikunjo pia. Iweke mbali na simu na kadi ya benki. Sindano ya cherehani ikivunjika, tafuta vipande vyote, uviunganishe mezani vikamilike, ndipo uendelee.

Kila baada ya bobini tatu, ondoa bati la meno, safisha manyoya ya pamba kwa mswaki wa zamani, weka tone moja la mafuta ya cherehani, shona kidogo kwenye kitambaa cha kutupa ili mafuta yaliyozidi yanywewe. Mafuta ya kupikia usiyaweke hata kwa dharura. Yanaganda kama gundi, na cherehani itakuwa nzito mguuni.

Ikitokea hivi

*Uzi unafumana chini kama kiota.* Tatizo liko juu mara nyingi. Inua mguu wa cherehani, ondoa uzi wote, upitishe upya. Mguu ukiwa chini, tensheni imejibana na uzi hauingii mahali pake.

*Cherehani inaruka nukta.* Badili sindano. Kama ni mpya, huenda umeiweka kinyume au haijaingia mpaka juu.

*Unakanyaga na gurudumu halizunguki sawasawa.* Mkanda umelegea. Ufupishe kidogo, urudishie kibano chake.

*Safu moja imezidi kidogo nyingine.* Kama ni chini ya nusu inchi, iweke ile ndefu upande wa chini, wa meno, ukishona. Meno yanaivuta na ziada inapotea. Zaidi ya hapo, tafuta mshono mwembamba ndani ya safu, urekebishe huo.

*Mgongo umejikunja.* Fumua mstari huo peke yake, ongeza pini, anza tena kutoka katikati.

*Umejichoma na damu imedondokea kitambaa.* Maji baridi hapo hapo, kisha sabuni. Maji ya moto yanaifungia ndani.

*Doa la mafuta ya cherehani.* Mwagia poda ya mtoto, iache usiku kucha, ipanguse, kisha sugua kwa sabuni ya vyombo kabla ya kufua.

*Rangi imetoka baada ya kufua mara ya kwanza.* Usiuanike. Ukikauka rangi inakaa. Urudishe kwenye beseni kubwa la maji baridi yenye sabuni, uache umezama, badilisha maji kila yanapobadilika rangi. Yakishatoka meupe, uanike umelazwa juu ya kamba mbili ili uzito wa maji usivute mishono upande mmoja, mgongo ukitazama jua.